Jumatano Ambayo Kocha Pettway Hakwenda Kanisani

Si kweli kwamba nilimtuma Cleophus Bascomb kwenye kikao cha halmashauri ya shule. Si kweli kwamba nilimkaangia kambare, nikamtia maneno mdomoni, naye akaenda kuyamwaga mbele ya watu ili jina la mume wangu liandikwe kwenye uwanja. Nimeyasikia hayo saluni kwa Earline, nimeyasikia kwenye ngazi za kanisa, na wiki iliyopita nimeyasikia kwa mtu ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kusoma. Nitaeleza ilivyokuwa, mara moja tu, kwa sababu mume wangu hakuwa mtu wa kujieleza hata alipokuwa hai.

Mume wangu ni Horace Pettway. Alizaliwa hapa Tallow Bend, Alabama, katika nyumba ya mbao ng'ambo ya reli, baba yake akilima pamba katika shamba la mtu mwingine. Chuo alisomeshwa na miguu yake, maana alikuwa mchezaji hodari, lakini shahada ya historia aliipata kwa kichwa, na hilo napenda likumbukwe. Angeweza kubaki Birmingham alikosomea. Alirudi hapa akafundisha historia asubuhi, udereva mchana na mpira wa Kimarekani jioni. Nusu ya madereva wa wilaya hii walijifunza kushika breki kwa kumwogopa yeye, ingawa hakuwahi kupaza sauti. Ukikosea, alitoa kijiti cha meno mdomoni, akakitazama, akakirudisha. Basi. Wanaume wenye wajukuu bado wananiambia kwamba wakiona kijiti cha meno mezani wanapunguza mwendo, hata kama wanakula.

Katika kazi yake alipata vijana wawili ambao mji huu haujaacha kuwabishania. Wote wawili walikuwa makwotabeki. "Wengine wote wanasukumana," Horace alikuwa akisema. "Kwotabeki anapokea mpira na kuamua uende wapi. Yeye peke yake ndiye anayelipwa kufikiri, na kwa kuwa hii ni shule, halipwi."

Cleophus Bascomb alikuja kwanza, mwishoni mwa miaka ya sabini. Mfupi, mpana, shingo imezama mabegani, na miguu ambayo Shemasi Rufus Kimbrough husema ilitengenezwa na fundi wa matrekta. Timu ile haikurusha mpira, ilikimbia. Cleophus alipokea mpira akaupachika tumboni mwa mkimbiaji mkubwa, jitu moja la ukoo wa Tubbs, na kwa hatua mbili wakaenda pamoja, mikono ya wote ikiwa kwenye mpira uleule. Wakati huo Cleophus alimtazama mlinzi mmoja tu wa upande wa pili, yule wa pembeni, ambaye aliachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akimvamia jitu, Cleophus anauchomoa mpira na kukimbia nao mwenyewe. Mlinzi akimsubiri Cleophus, mpira unabaki tumboni mwa jitu. Lolote atakaloamua mlinzi, atajuta. Mimi nilikuwa mwalimu wa lugha na sikuwa na haja na mpira, lakini siku nilipoelewa kinachofanyika pale nilisimama ghafla kwenye ngazi za uwanja, soda ikanimwagikia yote. Kijana yule alikuwa akiamua mambo kwa muda ambao mimi singeweza kuamua kufumba jicho. Mwaka ule kombe la jimbo lilikuja Tallow Bend.

Tavaris Goodloe alikuja miaka ishirini baadaye. Mrefu, mwembamba kama ufito wa kuvulia samaki, sauti ndogo, mfukoni karanga za kuchemsha wakati wote. Timu yake ilijitandaza uwanja mzima kama nguo zilizoanikwa. Yeye alisimama nyuma, mbali na msukumano, wapokeaji wanne wakichomoka kila mmoja na njia yake. Naye pia alimtazama mlinzi mmoja, yule wa katikati. Mlinzi akirudi nyuma, mpira ulipita mbele yake. Akija mbele, ulipita juu ya kichwa chake. Mpira wa Tavaris ulitoka mkononi bila kelele, ukizunguka kama pia, ukafika kifuani mwa mwenzake kama kitu alichokuwa amekisahau pale. Naye alituletea kombe.

Sasa, Tavaris ni mtoto wa Corinne, dada yake Horace, tumbo moja. Hapo ndipo maneno yalipopata mlango.

Watu wetu wanaizungumzia mifumo hii miwili kana kwamba ni dini mbili. Nendeni siku yoyote kanisa linapokaanga samaki kuchangisha fedha za paa, mtamkuta Shemasi Kimbrough kwenye karai la mafuta, akihubiri.

"Kurusha mpira ni kumtuma mlevi dukani," husema. "Huenda akarudi na mkate. Huenda akarudi na polisi."

"Shemasi, wewe unapenda kukimbia kwa kuwa hata ngazi hizi zinakushinda," Earline humjibu. "Tavaris alikuwa keshafunga kabla ninyi hamjavaa miwani."

"Cleophus alikula matope, dada yangu. Matope! Huyo mpwa wa kocha alitoka uwanjani suruali nyeupe kama bwana harusi."

"Na ndiyo maana alipendeza. Geuza samaki, anaungua."

Horace alikuwa akisikiliza na kula. Hakusema upande wowote. Mara moja tu, tukiwa wawili mezani, nilimuuliza kama kweli aliyaacha mambo yake ya zamani. Alisogeza kichupa cha chumvi na cha pilipili, akapanga vipande vya mkate wa mahindi katikati kama walinzi. "Ni swali lilelile, Vernelle," alisema. "Mtu huyu mmoja anakwenda wapi? Cleophus alimuuliza kwa miguu. Tavaris anamuuliza kwa mkono. Wote wawili wanangoja jibu, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Hawangoji." Kisha akamla mlinzi wa pembeni.

Ugomvi ulianza kwa sababu ya kijana wa tatu. Cleophus alioa mapema na mwanawe wa kwanza, Javon, alifika darasa la mwisho mwaka mmoja na Tavaris. Javon alikuwa baba yake mtupu: miguu ile, shingo ile, hata namna ya kuvuta pua kabla ya kukimbia. Mji mzima ulijua kwamba msimu ule tutarudi kukimbia na Bascomb mwingine atashika mpira. Wanawake walishashona fulana.

Lakini mji wetu una kosa lake. Tunazikumbuka mbio. Muulize yeyote hapa kuhusu Cleophus, atakusimulia mbio za mvuani, mbio za kona ya jengo la muziki, mbio alizovuliwa kiatu. Hakuna anayekumbuka mara alizomwachia Tubbs mpira, na ndizo zilizokuwa nyingi. Mtu anayeachia mpira hasimuliwi. Javon alilelewa kwa masimulizi hayo. Kila mtu aliyemkuta njiani alimpa mbio moja ya baba yake, naye akazimeza zote.

Jumatano moja ya Agosti, msimu ukikaribia, Horace hakwenda kanisani. Nasema hivyo kwa sauti kwa kuwa hilo limesemwa kwa minong'ono mno. Jumatano jioni ni ibada ya maombi, na Horace ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo wa kwanza. Asipokuwepo, kanisa zima linajua. Ikasemwa kwamba alikuwa kwa dada yake Corinne, wakipanga. Hakuwa kwa Corinne. Alikuwa uwanjani, na mimi nilikuwepo, na birika la chai ya baridi mapajani. Aliichagua Jumatano makusudi, kwa kuwa wazee wote wanaokaa kwenye uzio kutazama mazoezi na kutoa ushauri usioombwa walikuwa wamepiga magoti.

Alikuwa amewaita vijana wachache, Javon na Tavaris wakiwa miongoni mwao. Cleophus alikuja moja kwa moja kutoka kiwanda cha karatasi, na mabuti yake na harufu yake.

"Cleo, simama pale pembeni," Horace alimwambia. "Leo wewe ndiye mlinzi."

"Kocha, mgongo wangu huu?"

"Sikwambii umwangushe mtu. Simama tu. Amua."

Javon akaanza. Akaupachika mpira tumboni mwa mwenzake, baba yake akabaki nje akimsubiri yeye, na hapo ilikuwa lazima auachie. Akauchomoa. Wakarudia. Akauchomoa tena. Mara ya mwisho Cleophus alisimama wazi kabisa, mikono kifuani, kama mtu anayengoja basi. Mimi niliyekuwa kwenye benchi na chai niliona. Javon akauchomoa mpira na kwenda nao moja kwa moja hadi kwenye mikono ya baba yake.

"Uliniona?" Cleophus alimuuliza.

"Nilikuona."

"Mbona hukumwachia mwenzako?"

"Ningekupita, mzee."

"Hukunipita."

"Siku ya mchezo nitakupita." Wenzake wakacheka. Cleophus hakucheka.

Horace akamwambia Tavaris naye acheze mfumo uleule wa kukimbia, ambao haukuwa wake. Tavaris alikimbia kama mtu aliyebeba mayai, lakini kila mara Cleophus alipomsubiri, mpira ulibaki kwa mkimbiaji, na kila mara alipovamia, mpira ulitoka. Kisha wakajitandaza, Cleophus akahamia katikati. Akajifanya anakuja mbele, akarudi. Tavaris akamngoja amalize uongo wake, ndipo akarusha. Cleophus aligeuka kuutazama mpira ukienda, akabaki ameukodolea macho hata baada ya kudakwa.

Vijana walipokwisha kwenda kwao, wanaume hawa wawili wakaja jikoni kwangu. Niliwapakulia maharage na sukuma wiki iliyopikwa na nyama ya nguruwe, na mkate wa mahindi.

"Sasa sikiliza, Cleo," Horace alisema. "Tavaris ni mtoto wa dada yangu. Siyaamini macho yangu kwake. Nimekuita kwa kuwa wewe pia una damu yako pale, na inavuta upande wa pili. Ukisema Javon, ni Javon, na tutakimbia msimu mzima. Neno lako ndilo la mwisho."

Cleophus alifuta mchuzi wa maharage kwa mkate. 

"Ni Tavaris," akasema.

"Una hakika?"

"Kocha, mwanangu anaushika mpira kama mtu anayeibiwa. Na aliyemfundisha ni mimi. Ile filamu yetu ya zamani, nimemwonyesha tangu akiwa mdogo. Nilikuwa nikiipeleka mbele mpaka kwenye mbio zangu tu. Zile za Tubbs nilizipita." Akasukuma sahani. "Nina ombi moja. Asijue kwamba ni mimi."

"Cleo."

"Ameshindwa kupata namba. Hilo atalimeza. Akijua baba yake ndiye aliyemnyima, sitakuwa na mtoto. Sema ni wewe."

"Watasema nimempendelea mpwa wangu."

"Watasema."

Horace alitoa kijiti cha meno, akakitazama. Nilimjua mume wangu kwa miaka mingi, na sijamwona akikitazama kijiti kwa muda mrefu hivyo. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokijenga mji huu ukikiona, nacho ni kwamba neno lake halikuinama. Sasa alikuwa anaombwa aliache lionekane limeinama.

"Basi waseme," alisema. "Vernelle, mpe mkate."

Nao wakasema. Ijumaa ya kwanza, Tavaris alipotoka mbele, sauti zilishuka kutoka ngazi za juu: "Damu nzito!" "Mjomba, mpwa wako ameshakula?" Mtu alitupa karanga kwenye kioo cha gari letu. Horace aliniambia nisigeuze kichwa, sikukigeuza. Javon naye, Horace alimpeleka nyuma kabisa kwenye ulinzi, mahali pa kunyakua pasi za wapinzani. "Mtoto asiyeachia mpira," aliniambia nyumbani, "mpeleke mahali ambapo kutouachia ni kazi." Javon alinyakua pasi msimu mzima kama anayewadai, na ulinzi huo ndio uliomlipia chuo. Leo ana shahada ya uhasibu, ana tai nzuri, na ni mjumbe wa halmashauri ya shule. Lakini tangu mwaka ule hakukanyaga kwetu. Akikutana na Horace dukani, alimsalimia kama mtu anayelipa faini.

Horace alifariki majira ya baridi yaliyopita. Mwezi Machi walimu wa zamani wakapendekeza uwanja uitwe kwa jina lake. Niliambiwa mapema kwamba mjumbe mmoja atapinga na wengine watamfuata, na sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nilijua kitu ambacho kingemnyamazisha kwa sentensi moja. Nilivaa gauni langu la kijivu, nikafunga kinywa, nikaenda. Ahadi ya Horace ilikuwa ahadi yangu, na jina la Pettway halisafishwi kwa kuvunja neno la Pettway. Sikumpigia Cleophus simu. Sikumwandikia. Sikuwa nimemwona tangu mazishini.

Kikao kilikuwa katika maktaba ya shule, viti vimejaa. Javon alisimama.

"Mwalimu Pettway, nakuheshimu wewe, na sina chuki na marehemu. Alifundisha wengi. Lakini uwanja ni wa watoto wote. Hatuwezi kuupa jina la mtu ambaye, siku ilipofika ya kuchagua, alichagua damu yake. Wengine tulikuwepo. Tuliwekwa kando tukaona."

Watu walinung'unika kukubali. Shemasi Kimbrough, ambaye amekula kwangu mara zisizo na hesabu, alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa ya kujifurahisha. Nilitazama mbele.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka na fimbo ikagonga sakafu. Cleophus anatembea kwa fimbo siku hizi.

"Mwenyekiti, naomba niseme."

"Baba," Javon alisema, "kaa chini. Ninakutetea."

"Ndiyo maana nimesimama." Alikuja hadi mbele, taratibu, kila mtu akimngoja. "Kocha Pettway hakumchagua mpwa wake. Alinipa mimi nichague. Jumatano ile mliyomsema hakuja kanisani, alikuwa na mimi. Aliniambia nikisema Javon, ni Javon. Nikasema Tavaris."



"Unasema hivyo kwa sababu amekufa," Javon alisema.

"Nasema kwa sababu amekufa na ameenda na siri yangu. Nilimwomba abebe, akabeba. Leo mwanangu mwenyewe amesimama kumpiga mawe kwa mzigo wangu. Nimeshindwa kukaa nyumbani."

"Kwa nini?" Javon hakuwa tena mjumbe wa halmashauri. Sauti ilikuwa ya kijana wa shule. "Ulikuwa unajua nilivyotaka."

"Nilijua. Lakini ulikuwa huachii mpira, Javon. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, na sikuwa na ujasiri wa kukwambia. Kocha alikuwa nao wa watu wawili."

Mwenyekiti, mtu mwoga lakini mwenye adabu, aliuliza kama kuna mwingine wa kusema. Hapakuwa na mwingine. Shemasi Kimbrough alikuwa akisoma miongozo ya kuzima moto ukutani. Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mikono iliinuka mmoja mmoja, na wa mwisho ulikuwa wa Javon Bascomb. Aliuinua bila kumtazama baba yake wala mimi, lakini aliuinua juu, akaushikilia mpaka ukahesabiwa.

Kwa hiyo uwanja umepewa jina, na wakati wa msimu taa zitawashwa juu yake. Ninyi mnaosema nilimnunua mzee Bascomb kwa samaki, mjue kwamba nilipotoka pale hata asante nilikuwa sijampa.

Mnaniuliza pia, na mmeniuliza kwenye saluni, kwenye simu na hata kwenye foleni ya Meza ya Bwana, ilikuwaje nje. Ni kweli baba na mwana walisimama kwenye maegesho, kando ya gari la Javon, na gari langu lilikuwa jirani, dirisha wazi. Nilisikia kila neno. Hayo ni ya nyumba ya Bascomb, nami nimekaa na siri ya nyumba ile miaka yote bila kuitoa. Sisemi zaidi.